Mlevi wa Kitabuni Si Wewe, Baba

Merrylands, Sydney
Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza katikati na kusema, "Wakesho, achana nayo." Safari hii sikuachana nayo, na nataka unisikilize mpaka mwisho kabla hujasema neno. Mama aketi karibu akusomee kama kawaida yenu, ila msimwite mtu mwingine mpaka mmalize.

Mkono je? Najua Wundanyi mwezi huu ukungu hautoki mpaka saa nne, na baridi hiyo inajua njia ya kwenda kwenye mfupa uliowahi kuvunjika. Vaa ile sweta ya kijivu, usiiweke kwa ajili ya kanisani. Sisi huku hatujambo. Baridi ya hapa si kali, ila nyumba zao zimejengwa kana kwamba haitakuja, kwa hiyo tunavaa makoti sebuleni. Mjukuu wako Mkamburi ametimiza miaka kumi na mitatu na amenipita kimo. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, mpaka Furaha jirani yangu anasema nyumba hii inahitaji mkalimani.

Sasa nikiri kosa langu kwanza, ndipo nikueleze vita.

Unakumbuka nilikuambia kuhusu yule bibi wa Kihispania ninayemtunza kule Guildford, Mama Remedios. Alikuja nchi hii akiwa bibi arusi, akashona nguo kiwandani maisha yake yote, na sasa macho yamemwisha. Kumwogesha, kumpa dawa na kumpikia ndiyo kazi niliyotumwa na kampuni. Lakini kilio chake kilikuwa vitabu. Dada yake humtumia riwaya kutoka Hispania, naye hana wa kumsomea. Siku moja alinisukumia kimoja mapajani akasema, "Jaribu tu." Nikamwambia sijui hata neno moja. "Jaribu," akasema. Nikajaribu, Baba, na yule mama akashika mdomo. Vokali zao ni zetu! Wanasoma kinavyoandikwa. Akanifundisha kwamba h haitamkwi, na kwamba kuna n yenye kofia ambayo ni ny yetu ya nyumba, basi. Nikawa namsomea kurasa kumi kila siku bila kuelewa, yeye ananieleza kwa Kiingereza chake cha kiwandani. Baada ya miaka miwili nilikuwa naelewa karibu yote.

Riwaya zenyewe nyingi zilikuwa za wasanii. Mama Remedios aliniambia siku hizi kwao kila mwandishi lazima aandike kuhusu msanii, ni kama maradhi ya kuambukiza. Tukasoma ya mchoraji aliyejifungia katika nyumba ya marehemu mama yake mpaka akaanza kula rangi. Tukasoma ya mpiga piano aliyewaacha mapacha wake steshoni ili akapige piano. Kulikuwa na mchongaji aliyejivunja vidole, na mama mmoja mchoraji ambaye hakuna aliyemjali mpaka alipokufa, halafu profesa fulani akapata sifa kwa kumfukua. Siku moja nikauliza, "Mama, hawa watu wanapikiwa na nani?" Alicheka mpaka nikamletea maji.

Mimi nilikuwa nazisoma kwa mshangao wa kweli. Msanii ninayemjua mimi aliamka saa kumi na moja, akakamua ng'ombe, akachanganya rangi, akaenda kuandika ukuta wa kinyozi Mwatate, jioni akarudi na mkate. Nikamweleza Mama Remedios habari zako. Akazipenda. Na Januari ya mwaka jana mwanawe alipokuja kumtembelea, akamwambia, "Msikilize Wakesho, baba yake ni mchoraji."

Mwanawe anaitwa Álvaro. Anaishi Madrid na yeye ndiye mwandishi. Ni mtu mpole, Baba, sitamzushia. Anaosha vyombo, anamchana mama yake nywele. Alikaa nami meza ya jikoni mchana wa siku tatu nzima akiuliza na kusikiliza, na mimi, kwa kuwa nilikuwa sijaulizwa habari za nyumbani kwa miaka, nikafunguka. Nikamwambia unavyoanza neno refu kwa herufi ya mwisho ili ukuta usikuishie. Nikamwambia ule uzi unaouchovya kwenye unga wa buluu na kuupiga ukutani upate mstari. Nikamwambia kuhusu chozi, yule ndege mdogo unayemchora kwenye pembe ya kila bango badala ya kuandika jina lako. Halafu nikamwambia kuhusu kuanguka kwako kwenye ngazi, mkono wa kulia ukavunjika. Kuhusu ile miezi minane uliyokaa nyuma ya nyumba umetazama ukuta, hutaki kusemeshwa, Mama akiuza mboga. Jambo ambalo sisi wenyewe hatulitaji mezani, nilimpa mgeni pamoja na chai. Hilo ndilo kosa langu. Nisamehe.

Februari mwaka huu kitabu chake kipya kikafika kwa posta. Mama Remedios alikipapasa jalada kama uso wa mtoto. Nikaanza kumsomea. Siku ya tatu nikafika mahali ambapo kuna mchoraji wa mabango, Mwafrika, katika mji mdogo wa milimani, amepanda ngazi na anaandika HOTELI. Neno lenyewe lilikuwa kwa Kiswahili, katikati ya Kihispania. Akaanza na I.

Nikausoma mstari huo tena, kimoyomoyo.

"Mbona umesimama?" Mama Remedios akauliza.

"Mama, huyu ni baba yangu."

Akacheka kidogo. "Kila msomaji hujikuta kitabuni. Endelea."

Nikaendelea. Uzi wa buluu ulikuwepo. Ndege alikuwepo pembeni. Halafu yule mchoraji akatoa chupa mfukoni, akiwa juu kabisa ya ngazi, akanywa, akaanguka. Nikafunga kitabu.

"Endelea, nataka kujua mwisho wake," akasema.

"Mwisho wake naujua. Alinipigia simu juzi kuniambia ng'ombe amezaa."

"Wakesho, ni karatasi tu."

"Basi karatasi hiyo sitaisoma."

Alikasirika. Mwanawe alikuwa mwanawe. Aliniambia nimpishe, nami nikaenda kumpikia supu. Lakini nilipokuwa naondoka aliniita, akanipa kitabu niende nacho. "Kisome chote," akasema, "halafu uniambie kama ni kibaya vile unavyodhani."

Kilikuwa kibaya zaidi. Yule mchoraji anaendelea kunywa mpaka anakufa peke yake kwenye banda la rangi. Binti yake, kwa aibu, anachoma mabango yote na kukimbilia Australia kuosha wazee. Na huyo binti, Baba, hasemi neno moja tangu anapoingia kitabuni mpaka anapotoka. Ana macho ya huzuni na mikono mikubwa, basi. Mimi, ambaye ulikuwa ukinitoa nje ya banda kwa sababu ya mdomo!

Nilikuwa namsimulia Furaha habari hizi jikoni. Huyu ni Mkongo wa Bukavu, anafanya kazi ghalani na mumewe anahubiri kanisani kwetu. Hatukujua Mkamburi yuko mlangoni.

"Mum," akasema kwa Kiingereza chake, "Babu alikuwa mlevi?"

"Babu hajawahi kuonja pombe."

"Sasa yule mtu aliijua vipi nyumba yenu?"

"Nilimwambia mimi."

Akanitazama. Hajawahi kukuona ila kwenye simu, Baba, uso mmoja na nusu ya sikio. Nikaona kabisa kwamba kitabu kile kikija kwa Kiingereza, na mwandishi alishamwambia mama yake kuwa mwakani kitakuja, mjukuu wako atakuwa na babu wawili, na aliyeandikwa vizuri ndiye atakayekaa kichwani mwake.

Furaha akaweka sufuria chini. "Dada, usilie," akasema. "Uende umwambie mbele ya watu. Kama unanyamaza, bon, watasema njo ukweli." Njo ya kwao ni ndiyo yetu.

Aprili Álvaro alikuja kwa sikukuu ya mama yake kutimiza miaka themanini. Klabu ya Wahispania ikamwalika azungumze Jumamosi mchana kuhusu wasanii katika riwaya za kwao za leo. Mimi ndiye niliyetakiwa kumpeleka Mama Remedios kwa kiti cha magurudumu. Wiki nzima kabla ya hapo nilikuwa najiandaa. Nikamwambia Mama Remedios wazi, "Jumamosi nitasimama, na sitaki nikuvizie." Alinyoosha blanketi mapajani. Kisha akasema, "Kama utasimama, basi sema kwa Kihispania, na usikosee kitenzi." Akanisahihisha kitenzi mwenyewe.

Ukumbi ulijaa. Wazee waliovaa vizuri, wanawake wenye pepeo za mkononi, meza ya vitafunio nyuma. Furaha alikuja na kitenge chake cha Pasaka, akakaa mstari wa mbele kama aliyealikwa. Álvaro alizungumza vizuri, akawataja hao wasanii wote tuliokwisha kuwasoma, walaji wa rangi na wavunja vidole. Akasema sanaa hudai kafara, na kwamba mwandishi wa leo anamtazama msanii kwa sababu ndani yake anaona bei ya uzuri. Watu wakaguna kwa kuridhika. Kisha akasoma ukurasa wa ngazi.

Alipomaliza nikasimama. Nilitazama mbele, kama siku ile nilipokariri aya mbele ya askofu. Nikasema kwa Kihispania, polepole: "Mtu aliye kwenye ukurasa huo ni baba yangu. Yuko hai. Hanywi."

Álvaro akawa mwekundu, lakini akajibu kwa upole. "Wakesho, riwaya ni jambo la kubuni. Huyo ni mtu mwingine."

Hapo Kihispania changu kikaisha, nikahamia Kiingereza. "Kama ni mtu mwingine, kwa nini anaandika kutoka mwisho? Kwa nini ana uzi wa baba yangu? Ndege huyo ni sahihi yake. Ulichukua mikono ya baba yangu ukaibandikia chupa."

"Nilichukua huzuni yake," akasema. "Ile miezi minane. Uliniambia mwenyewe."

Iliniuma, Baba, maana ni kweli. Lakini sikukaa. Nikasema, "Nilikuambia na mwisho wake. Nilikuambia kwamba mwezi wa tisa alichukua brashi kwa mkono wa kushoto, akaanza upya kuandika a, e, i, o, u kwenye ukuta wa banda kama mtoto wa chekechea, na kwamba kanisa letu lote limeandikwa kwa mkono huo wa kushoto. Hilo uliliacha. Kwa nini?"

Akafikiria. Nampa heshima yake, alifikiria kweli. Kisha akasema, "Kwa sababu mtu anayerudi kazini hatengenezi riwaya."

"Basi kuandika riwaya ya mtu kama huyo hujui," nikasema. "Sema hivyo. Usiseme hayupo."

Mzee mmoja nyuma akapiga makofi mara mbili akanyamaza. Mwanamke mwingine akaniambia nikae, nimemharibia mgeni siku. Furaha akasimama akageuka, akamwambia kwa Kifaransa jambo ambalo sikulielewa, ila yule mama alilielewa. Mama Remedios alikuwa amekaza macho yake yasiyoona upande wa mwanawe, na machozi yalikuwa yanamtoka. Mpaka leo sijui alikuwa anamlilia nani.

Jumatatu nikaitwa ofisini Parramatta. Kerry, anayetupangia zamu, si mtu mbaya pia, lakini alikuwa na karatasi tayari. Familia ilikuwa imelalamika. Sikuuliza nani. Karatasi ilisema nimevuka mipaka ya kazi, kwamba kumsomea mteja hakukuwa kwenye mpango wa huduma, na kwamba ninaahidi kutozungumza popote habari za familia ile wala kitabu chao.

"Weka sahihi hapa tu, love," akasema, "halafu yaishe."

"Kuvuka mipaka nakubali," nikamwambia. "Ningejua kabla ya kuanza kusoma, ningekuomba ruhusa. Lakini hiyo ya kutozungumza habari za baba yangu siiwekei sahihi."

"Hapa hapajaandikwa baba yako."

"Pamesemwa kitabu chao. Baba yangu yumo ndani."

Alinieleza kwamba nisipoweka sahihi nitaondolewa nyumba ile. Nikamwambia aniondoe. Nilipotoka nilikaa kwenye benchi la steshoni, treni mbili zikapita. Nilikuwa nimempoteza Mama Remedios bila hata kumuaga, na niliogopa, Baba, sitajifanya shujaa. Lakini sikurudi juu ofisini. Sasa nafanya kazi Quakers Hill, kwa mzee mmoja anayependa kriketi na hataki maneno. Ni mbali, ila safari ya treni inanipa nafasi ya kuchora kwenye daftari.

Mwezi uliopita Álvaro aliniandikia. Barua ndefu, kwa Kiingereza. Alisema hajalala vizuri tangu siku ile. Alisema katika tafsiri ya Kiingereza angependa kuniweka mwanzoni mwa kitabu, kunishukuru kwa jina, na akauliza kama hiyo ingenitosha. Nikamjibu mistari minne. Nikamwambia shukrani hiyo ingekuwa kama kumwekea ng'ombe wa wizi utepe shingoni. Nikamwambia atoe ndege, atoe uzi, atoe herufi ya mwisho, atoe mlima, na binti ampe mdomo au amtoe naye.

Baada ya wiki mbili akajibu kwamba amekubali manne ya mwanzo. Mchoraji wa kitabu cha Kiingereza atakuwa wa pwani, wa nchi isiyotajwa, na ataanza neno mwanzoni kama watu wote. Binti amebaki bubu; alisema kitabu kitaanguka akisema. Kile cha Kihispania hakitabadilika, kimeshauzwa. Kwa hiyo sikushinda chote, na sitaki Mama awaambie watu kanisani kwamba nilishinda. Lakini mlevi yule sasa ni wake peke yake. Mikono yako nimeitoa mle.

Mkamburi aliisoma barua hiyo kabla yangu, bila ruhusa. Aliniambia, "Mum, ungeomba na mikono mikubwa aitoe." Tukacheka mpaka Furaha akagonga ukuta.

Na Jumapili iliyopita Mama Remedios alinipigia simu mwenyewe. Alimwomba jirani amtafutie namba. Akasema nisije kama mfanyakazi, nije kama mgeni. Nikaenda baada ya ibada. Alinikataza kuingia jikoni. Alitengeneza kahawa kwa kupapasa, nusu ikamwagika kwenye sinia, nami nilikaa na mikono mapajani nikiona taabu kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya mle ndani. Hatukumtaja mwanawe. Aliniuliza habari zako, mkono wako, yule ndama.

Kisha akasema, "Sasa nisimulie tena ile miezi minane. Nisimulie vizuri, yote. Safari hii nitahakikisha inaandikwa inavyostahili. Nitamsimamia mwenyewe."

Alimaanisha wema, Baba. Niliuona uso wake. Mwaka jana ningeanza hapohapo, kahawa ipoe.

Nikamwambia kwa Kihispania, "Hapana, Mama. Hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe anajua kuandika."

Akatafuta mkono wangu mezani akaushika, akasema kwa Kihispania kwamba kitenzi nimekipata sawasawa. Tukanywa kahawa.

Ndiyo hayo. Kama unataka yasimuliwe, yasimulie wewe, kwa maneno unayotaka, kwa unayemtaka. Kama hutaki, yatakaa ulipoyaweka, na kwangu hayatatoka tena. Nikasirikie kama una hasira, nimeistahili, ila nikasirikie kwa simu nikusikie sauti.

Nisalimie kaka Mghanga, na umwambie shamba la chini asilikodishe kabla hatujaongea. Nisalimie shangazi mshonaji na mguu wake, wifi aliyejifungua, mtoto namtumia soksi kwa mtu anayekuja Agosti, na mama mchungaji aliyenifundisha kukariri bila kutazama chini. Mama, wewe uliyeuza mboga miezi minane bila kumwambia mtu sababu, kwako sina salamu, nina magoti.

Binti yenu mwenye mdomo,
Wakesho